Umemeza mwiba, mfupa, sarafu au betri: mwongozo kamili wa kulinda koo lisiumie zaidi, saa kwa saa

Nianze na bibi yangu mzaa mama. Usiku mmoja alikuwa anakula samaki mwiba ukamchoma kooni, akafanya kile ambacho karibu kila mtu anafanya, akameza matonge makubwa matatu bila kutafuna ili uteremke, asubuhi akatuambia umeisha. Siku ya tatu homa ikapanda, shingo ikakakamaa hawezi kugeuka, sauti ikawa nzito kama mtu ana kitu cha moto mdomoni, na mate yakawa yanamtoka kwa sababu kumeza alishindwa kabisa. Hospitali wakakuta nyuma ya koo kuna jipu limejaa usaha na ule mwiba haukuwepo tena kooni, ulishapenya ukatokea upande wa pili wa ukuta. Alipona, ila alilala wodini wiki tatu na akawa analishwa kwa mpira wa puani. Mimi wakati huo sikujua lolote, leo ni muuguzi wa wodi ya masikio, pua na koo na karibu kila nikiwa zamu nakutana na mtu mwenye hadithi inayoanza hivyo hivyo.

Nilichojifunza ni kwamba kitu kilichomezwa kinaumiza mara mbili. Mara ya kwanza ni pale kinapochoma au kukwaruza, hapo huna la kufanya, limeshatokea. Mara ya pili ni kwa sababu ya masaa yanayopita na vile tunavyohangaika nacho wenyewe, na hiyo ya pili ndiyo inayowalaza watu na saa ingine inawaua. Kwa hiyo huu mwongozo nimeupanga kwa kufuata saa, kuanzia dakika ya kwanza mpaka wiki kadhaa baada ya kitu kutolewa.

KWANZA ELEWA VINAKWAMA WAPI

Nyuma ya mdomo njia ya hewa na njia ya chakula ni moja, pale kwenye koromeo, halafu zinaachana, hewa inaenda mbele kupitia zoloto (kisanduku cha sauti) mpaka mapafuni na chakula kinapita nyuma kwenye umio. Miiba midogo ya samaki mara nyingi haifiki hata kwenye umio, inachoma kwenye tonsili, kwenye shina la ulimi au kwenye vile vijishimo viwili vilivyo pembeni ya zoloto. Vitu vikubwa kama sarafu, pande la nyama, mfupa wa kuku, meno ya bandia, vinashuka mpaka kwenye mlango wa umio, kama sentimita 15 kutoka meno ya mbele, na hapo ndipo pembamba kuliko kote. Kikipita hapo kuna sehemu nyingine za kubana, moja ni pale ule mshipa mkuu wa damu unaotoka kwenye moyo unapopita ukiugusa umio (hii ishike kichwani, nitairudia), nyingine ni chini kabisa karibu na kuingia tumboni.

Umio wa mtu mzima una urefu wa kama sentimita 25 tu, ukuta wake ni mwembamba na hauna lile gamba la nje ambalo tumbo na utumbo vinalo. Ndio maana ukitoboka, mate na wadudu wa mdomoni wanasambaa haraka kwenye shingo na kifua, hakuna cha kuwazuia.

Kikishafika tumboni hali inakuwa nyepesi sana. Vitu vingi vinavyomezwa, kama asilimia 80 mpaka 90, vinatoka vyenyewe na choo, asilimia 10 mpaka 20 vinahitaji kutolewa kwa kamera na wanaofanyiwa upasuaji ni kama asilimia 1. Nakwambia haya usije ukachanganyikiwa bure. Ila hesabu hiyo ni ya vitu vyote kwa ujumla, wewe ambaye una mfupa wenye ncha umekwama kwenye umio usijiweke kwenye kundi la kusubiri.

HATUA YA 1: DAKIKA YA KWANZA, ANAPUMUA AU HAPUMUI?

Usiulize kwanza amemeza nini. Mwangalie. Kama anakohoa kwa nguvu, analia au anaongea, basi hewa inapita, mwache akohoe, usimpige mgongoni, kikohozi chake mwenyewe kina nguvu kuliko mkono wako. Kama hawezi kukohoa, sauti haitoki, ameshika shingo kwa mikono miwili, midomo inaanza kubadilika rangi, huyo amekabwa na una dakika chache tu.

Mwinamishe mbele, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja, mapigo ya nguvu kweli. Haijatoka? Simama nyuma yake, kunja ngumi uiweke juu ya kitovu chini ya kidari, ishike kwa mkono mwingine, vuta kwa kishindo kuelekea ndani na juu, mara 5. Rudia mgongo 5, tumbo 5, huku mtu mwingine anapiga simu ya dharura. Mjamzito, au mtu mnene ambaye mikono yako haimzunguki, msukume kifuani badala ya tumboni. Mtoto wa chini ya mwaka 1 HASUKUMWI tumbo kabisa, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini kuliko mwili, mpige mgongoni mara 5, mgeuze, msukume katikati ya kifua kwa sehemu ya chini ya kiganja kimoja mara 5, rudia.

Akizimia mlaze chini uanze kumkandamiza kifua mara 30 halafu pumzi 2, na kila kabla ya kumpulizia angalia mdomoni. Ukikiona kitu kitoe. Usipokiona usichokonoe kwa kukisia, vidole vinakipeleka ndani zaidi. Na yeyote aliyesukumwa tumbo, hata kama kitu kimetoka na anacheka, aende akachekiwe maana ile nguvu inaweza kuumiza viungo vya ndani.

HATUA YA 2: DAKIKA KUMI ZINAZOFUATA, JUA NI NINI NA NI SAA NGAPI

Anapumua vizuri? Sasa chukua simu uandike saa. Utaona ni jambo dogo lakini ndilo swali la kwanza daktari atakuuliza, na watu wengi wanajibu "tangu jana jana hivi", wakati tofauti ya masaa 6 na masaa 30 ni kubwa mno, baada ya masaa 24 uwezekano wa ukuta kuumia na kutoboka unapanda sana.

Halafu tafuta mfano wa kile kitu. Kama ni betri beba pakiti yake au kifaa ilikotoka, kama ni sarafu beba inayofanana nayo, kama ni meno ya bandia beba kipande kilichobaki. Sio kila kitu kinaonekana kwenye eksrei: plastiki na yale meno ya bandia hazionekani, mara nyingi zinaonekana zile waya za kushikia tu, kijiti cha kuchokonolea meno hakionekani, na miiba mingi ya samaki nayo haionekani vizuri. Ukimwambia daktari ni kitu gani anajua pa kutafuta.

Muulize anasikia wapi. Akionyesha kwa kidole kimoja upande mmoja, juu ya kile kifundo cha shingo, kwa kawaida yuko sahihi na kitu kiko hapo hapo. Akisema chini ya hapo au kifuani, usiamini sana sehemu anayoonyesha, umio hauna ramani nzuri ya maumivu.

Mtoto mdogo hatakwambia lolote, na wengi wanaomeza vitu ni wa kati ya miezi 6 na miaka 6, mara nyingi hakuna aliyemuona. Ukiona mtoto aliyekuwa mzima ghafla anatoa udenda mwingi, anakataa chakula kigumu lakini maziwa anakunywa, anashika shingo, anakohoa kama mbwa anabweka au anatapika kila akila, usiseme ni meno yanaota mpaka umehakikisha hakuna kitu kilichopotea ndani ya nyumba.

Vingine vya kwenda navyo hospitali moja kwa moja bila kujadiliana: chochote chenye ncha (sindano, pini, kijiti cha meno, mfupa uliovunjika), chochote kirefu zaidi ya sentimita 5 au 6 au kipana zaidi ya sentimita 2 na nusu kwa sababu hata kikifika tumboni mara nyingi hakitoki, sumaku mbili au zaidi maana zinavutana huku zimebana kuta za utumbo katikati mpaka zinatoboa, na vidonge vilivyomezwa pamoja na kile kikaratasi chake cha bati. Hii ya mwisho inawapata sana wazee wenye dawa nyingi, mtu amekata kidonge na ganda lake ili akiweke mfukoni, baadaye anakimeza chote, zile kona zinakata kama wembe. Kama unamhudumia mzee mtolee vidonge kwenye ganda mwenyewe.

HATUA YA 3: VITU VYA KUACHA

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo bibi yangu alipoumizwa.

Usishindilie chakula. Tonge, mkate, ndizi, wali usiotafunwa, vyote ni kitu kile kile. Najua unamjua mtu aliyefanya hivyo ukashuka, na mimi nawajua, miiba mingi midogo ingeshuka yenyewe hata kwa maji. Ila ule uliochoma kweli, yani ncha imeshaingia kwenye nyama, ukiusukuma kwa juu hautoki, unaingia. Mwiba uliokuwa kwenye tonsili ambapo ungetolewa kwa dakika mbili umekaa kwenye kiti tu, unaupeleka kwenye umio ambako sasa inahitajika nusu kaputi na thieta.

Usiingize vidole wala kijiko wala mswaki. Usijitapishe, kitu chenye ncha kilichopita salama kikishuka kinaweza kuchana kikirudi juu. Siki na limao haviyeyushi mfupa katika muda ambao utasubiri, vinawasha tu pale palipochubuka. Soda ya kola watu wanaiamini sana hasa kwa nyama iliyokwama, lakini kuna utafiti wa Uholanzi uliotoka mwaka 2023 waliwagawa wagonjwa wenye chakula kilichokwama kwenye umio, wengine wakapewa kola wengine wakasubiri tu, matokeo yakawa sawa. Sasa kama mate yenyewe hayapiti na wewe unamiminia soda, itaenda mapafuni.

Na ukishaamua unaenda hospitali, usile wala kunywa tena. Kama itabidi ulazwe usingizi wa dawa, tumbo lililojaa linaweza kurudisha chakula kikaingia mapafuni, kwa hiyo wanakusubirisha kwa kawaida masaa 6 tangu ulipokula kigumu isipokuwa iwe dharura ya kutosubiri, na hayo masaa 6 umejiongezea mwenyewe.

Kinachoruhusiwa nyumbani kwa mwiba mdogo, mtu mzima, anapumua vizuri na anameza mate: kukohoa, kunywa mafunda machache ya maji, kisha kufungua mdomo mbele ya tochi huku ulimi umeshushwa kwa mpini wa kijiko. Mwiba ukionekana wazi ncha imesimama, mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kujaribu mara MOJA kuukamata kwa kibano kisicho na ncha kali. Ukiteleza acha. Kwa mtoto usijaribu.

Kuna swali naulizwa kila wiki, nitajuaje kama mwiba bado upo au ni mkwaruzo tu? Mkwaruzo unawasha sehemu pana pana, unapungua kila baada ya masaa kadhaa na ndani ya siku moja au mbili umekwisha. Mwiba unachoma pale pale, upande ule ule, kila ukimeza, hata mate, na haupungui. Mimi ushauri wangu usiupe zaidi ya siku hiyo hiyo, kama umelala umeamka na bado unachoma sehemu moja nenda wakaangalie, heri uambiwe ni mkwaruzo urudi nyumbani.

BETRI YA DUARA INA SAA YAKE PEKE YAKE

Zile betri bapa za mviringo kama kifungo, za rimoti, mizani, funguo za gari, kadi zinazoimba, midoli. Hapa sahau yote niliyosema kuhusu kusubiri. Ikikwama kwenye umio inaanza kuunguza mara moja na ndani ya masaa 2 inaweza kufanya jeraha baya. Watu wanadhani ni asidi imevuja ndani yake, hapana, betri nzima kabisa inaunguza, kwa sababu nyama yenye majimaji inagusa pande zote mbili za betri umeme unapita, na upande wa hasi inajitengeneza magadi kali inayoyeyusha nyama. Hata betri iliyoisha, ambayo rimoti imeikataa, bado ina umeme wa kutosha kuunguza. Mbaya kuliko zote ni za lithiamu za volti 3 zenye upana wa milimita 20, zile zimeandikwa CR2032, 20 ni upana na 32 ni unene wa milimita 3.2. Kwa koo la mtoto upana huo unakaa pale pale kwenye mlango wa umio kama umetengenezewa.

Cha kufanya: ondoka sasa hivi kwenda hospitali yenye uwezo wa kutoa kitu kwa kamera, piga simu ukiwa njiani waambie ni BETRI. Usimtapishe. Kama mtoto ameshatimiza mwaka 1, anameza vizuri, na haijapita masaa 12 tangu ameze, mpe asali vijiko 2 vidogo kila baada ya dakika 10, isizidi mara 6, mkiwa njiani. Asali inapaka betri na kupunguza ile magadi, haiitoi wala haiponyi, kwa hiyo usisimamishe safari kwenda kuitafuta. Chini ya mwaka 1 asali ni hatari kwao usimpe. Zaidi ya asali asile kingine.

Na ukifika usikubali kukaa kwenye foleni kimya. Sema kwa sauti mtoto amemeza betri. Kwenye eksrei betri na sarafu zinafanana sana, ila ukiangalia vizuri betri ina duara mbili kwenye ukingo kama pete ndani ya pete, kwa hiyo mtu akikwambia ni sarafu tusubiri, muombe kwa heshima aangalie ule ukingo na picha ya ubavuni. Sarafu yenyewe kwa mtoto asiye na dalili inaweza kusubiriwa masaa kadhaa chini ya uangalizi na kama robo hivi zinashuka zenyewe, betri haisubiriwi hata saa moja. Marekani walipitisha sheria mwaka 2022 ya kulazimisha sehemu ya betri hizi kwenye bidhaa ifungwe mtoto asiweze kuifungua, lakini bidhaa nyingi zinazouzwa bado zinafunguka kwa kucha, bandika utepe wa gundi (selotepu) juu ya mfuniko leo.

HATUA YA 4: JUA MADHARA KWA DALILI ZAKE

Hapa ndio kiini, na ombi langu soma hata kama mgonjwa wako anasema anajisikia vizuri.

Kuziba kabisa. Mate hayapiti, anatema kwenye chombo, akinywa maji yanarudi. Hata kama ni pande la nyama tu halina ncha, hii inatakiwa kutolewa ndani ya masaa machache, 2 mpaka 6, kwa sababu mate yanaweza kuingia mapafuni na ukuta unaobanwa unaanza kufa. Kitu chenye ncha kwenye umio nacho ni masaa hayo hayo. Vingine vilivyokwama bila kuziba mwisho ni masaa 24.

Jipu la koo. Linakuja siku ya pili, ya tatu au baadaye, mara nyingi baada ya maumivu kupoa kidogo, na hiyo nafuu ndiyo inadanganya watu. Homa, shingo kukakamaa au kuinama upande mmoja, sauti nzito iliyofumbwa, mdomo kushindwa kufunguka vizuri, udenda, uvimbe wa shingo. Likiachwa linaweza kusukuma njia ya hewa likaifunga, au usaha ukateremka kati ya misuli mpaka kifuani. Mtu wa hivi usimlaze chali kwa nguvu, mwache akae vile anavyopumua vizuri.

Kutoboka kwa umio. Maumivu makali ya shingo, kifua au mgongoni yanayozidi akimeza, moyo kwenda mbio, homa, kuhema. Kuna dalili moja ambayo mtu yeyote anaweza kuipima kwa vidole: bonyeza taratibu ngozi juu ya mfupa wa mtulinga na pembeni ya shingo, kama unasikia kitu kinatatarika chini ya ngozi kama unabonyeza karatasi ya plastiki yenye mapovu, hiyo ni hewa imetoka ndani ya umio imeingia kwenye nyama. Hapo usisubiri asubuhi. Uambukizo ukishaingia kati ya mapafu, pale moyo ulipo, watu wanakufa hata wakiwa mikononi mwa madaktari wazuri.

Kutoboa mshipa mkuu. Ile sehemu niliyosema uishike, pale mshipa wa moyo unapogusa umio. Mfupa mkali au betri ikila ukuta mpaka ikaugusa mshipa, mara nyingi dalili inakuja kwa mpangilio ambao madaktari wanaufahamu tangu zamani: maumivu katikati ya kifua, halafu siku chache baadaye anatapika damu nyekundu kidogo, inaacha, anaonekana mzima, halafu baada ya masaa au siku inakuja damu nyingi isiyozuilika. Ile damu ndogo ya kwanza ndiyo nafasi pekee. Kwa hiyo yeyote aliyemeza kitu, hata kama ni wiki mbili zimepita, akitapika damu hata kijiko kimoja au akapata choo cheusi kama lami, ni dharura, hakuna cha "imeacha yenyewe".

Tundu kati ya umio na njia ya hewa. Inakuja zaidi kwa betri. Kila akinywa anakohoa, nimonia zinajirudia. Na betri hiyo hiyo inaweza kuunguza mshipa wa fahamu wa sauti, mtoto akabaki na sauti ya kukwaruza au kuvuta pumzi kwa mlio.

Kitu kuhama. Mwiba unaweza kupenya ukuta ukakaa kwenye misuli ya shingo au tezi ya shingo au karibu na mishipa mikubwa, na kamera ikiangalia ndani ya koo haioni kitu. Kwa hiyo ukiambiwa "hamna kitu" na bado unachoma pale pale, au homa imeanza, rudi uombe siti skani.

HATUA YA 5: HOSPITALI WATAFANYA NINI

Wataanza kwa tochi na kioo kidogo, au kamera nyembamba inayopita puani baada ya kupuliziwa ganzi, haiumi sana, inakera tu. Miiba mingi inatolewa hapo hapo umekaa. Isipoonekana, kwa mfupa au mwiba siti skani ya shingo bila dawa ya kunywa ndiyo inayoona vizuri kuliko eksrei. Ukipewa ile dawa nyeupe ya bariamu unywe kabla ya kamera, uliza kama ni lazima, maana inapaka kila kitu hata kamera ikiingia haioni, na kama umio umetoboka inavuja nje.

Kikiwa kwenye umio kinatolewa kwa kamera, kuna ya mpira unaopinda na kuna ya bomba la chuma lililonyooka ambalo linahitaji nusu kaputi. Kazi hii ina historia ndefu, daktari Chevalier Jackson wa Philadelphia alitoa vitu zaidi ya 2,000 kwenye koo na vifua vya watu na alivitunza, 2,374 vipo mpaka leo kwenye jumba la makumbusho la Mütter, pini, vifungo, sarafu, mifupa. Alisisitiza kutoa taratibu bila nguvu, na ndivyo inavyofanyika hata sasa, chenye ncha kinageuzwa ncha ibaki nyuma au kinafunikwa na kifuko laini kwenye mdomo wa kamera ili kisichane kikitoka. Kwa hiyo ukiambiwa operesheni imechukua saa nzima kwa mwiba mdogo usidhani wameshindwa.

Jambo moja la kuuliza kabla hujaruhusiwa: "ukuta mmeuonaje?" Jibu lina maana kubwa. Kama ni mkwaruzo unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kama ni kidonda kirefu au tundu dogo utalazwa, hutakula kwa mdomo, dripu na antibayotiki, mpira wa puani uliowekwa na daktari wakati anaona (usijaribu kuurudisha mwenyewe ukichomoka!), na baada ya siku kadhaa, mara nyingi kama wiki, unakunywa dawa ya picha waone kama bado inavuja. Tundu kubwa au usaha inabidi wafungue shingo au kifua.

Na kama kilichokwama kilikuwa nyama kwa mtu mzima, hasa kama sio mara ya kwanza, omba wachukue vinyama vya kupima kutoka kwenye umio. Nyama iliyotafunwa kwa kawaida haikwami kwenye umio wenye afya, mara nyingi kuna kovu, pete ya kubana au uvimbe wa aleji ambao haujagunduliwa, na kwa watu wa umri mkubwa lazima saratani iangaliwe.

HATUA YA 6: UMETOLEWA, SASA RATIBA YA NYUMBANI

Siku mbili za kwanza koo litauma, ni kawaida, maumivu yanatakiwa kushuka kila siku. Anza na vya maji, kisha laini, sio vya moto, visiwe na pilipili. Pima homa asubuhi na jioni siku 3 uandike. Homa mpya, maumivu yanayopanda badala ya kushuka, ugumu wa kuhema, kutatarika kwa ngozi ya shingo, damu, yote hayo ni kurudi siku hiyo hiyo hata kama kliniki yako ni wiki ijayo.

Aliyekuwa na betri ana ratiba ndefu zaidi kwa sababu nyama iliyoungua inaendelea kufa hata betri ikishatoka. Tundu la njia ya hewa au la mshipa linaweza kufunguka siku kadhaa hadi wiki 3 au 4 baadaye, watoto wamefariki nyumbani wakati watu wameshasahau. Hizo wiki 4 usisafiri naye mbali na hospitali, kila anayemlea ajue kwamba damu mdomoni au choo cheusi ni kukimbia, na kikohozi kila anapokunywa ni kurudi.

Kuanzia wiki ya nne hivi, kwa aliyekuwa na kidonda kikubwa, kinachokuja ni kovu. Linabana taratibu. Utaona anachagua vyakula, nyama anaiacha, mkate anaushusha kwa maji mengi, anamaliza kula wa mwisho, mtoto anapungua uzito. Andika tarehe na chakula kilichokwama, upeleke hiyo karatasi kliniki. Kovu likiwa changa linapanuliwa kwa kifaa cha puto kupitia kamera na mara nyingi inabidi kurudiwa zaidi ya mara moja, likikomaa linakuwa gumu na kazi inaongezeka. Bibi yangu alipanuliwa mara mbili, ya pili miezi mitano baada ya ule mwiba, na kilichotufanya tumrudishe ni kwamba alianza kuacha minofu pembeni ya sahani akisema ameshiba.